Siyo umeme uliokatika, ni brekidauni

Jumapili, saa tano usiku

Samahanini kwa ukimya wa wiki mbili, testi zimetubana na bumu lilichelewa, kwa hiyo hata hamu ya kuandika ilikuwa imekauka. Leo nimerudi na kitu ambacho hakimo kwenye silabasi ya mtu yeyote. Ni kirefu kidogo, chukueni chai.

Jana usiku kulikuwa na shoo ndogo hosteli ya jirani, jamaa wa mwaka wa tatu wanaagana. DJ alianza vizuri na bongofleva, akapita kwenye amapiano, halafu kama saa sita hivi akahamia kwenye ile miziki ya kielektroniki ya moja kwa moja, dundu dundu dundu. Tukawa tumekolea. Ghafla kiki ikatoka (nasema kiki ile ngoma kubwa ya chini, siyo ile ya wasanii wanaotafuta umaarufu). Besi nayo ikatoka. Ikabaki sauti ya kinanda inaelea juu peke yake, na DJ akazima taa. Giza totoro.

Rumeti wangu akapiga ukelele: "Umeme jamani! Umeme umekata!" Akatoa simu, akawasha tochi, akaanza kutafuta mlango. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kama nusu dakika baadaye mdundo ukarudi kwa kishindo, ukumbi mzima ukaruka juu, na katikati ya watu wote hao kuna mtu mmoja amesimama na tochi yake kama mlinzi wa zamu.

Kurudi chumbani ikawa kesi. "Mwanangu, huo muziki wa Wazungu hauna akili. Mtu anazima muziki halafu anauwasha, nyie mnashangilia. Hata mimi nipeni swichi niwe DJ." Nikataka kumjibu, nikakuta sina jibu. Mimi, mwanafunzi wa historia! Kilichoniuma ni kwamba kwenye ile sehemu ya "muziki wa Wazungu" hata mimi niliamini hivyo hivyo. Na muhula uliopita niliwahi kupeleka wazo la kuandika karatasi ya semina juu ya muziki wa dansi, nikaambiwa na mwalimu nitafute mada yenye mashiko. Nilinywea, nikaandika kuhusu reli. Basi leo naiandika ile karatasi hapa, bila alama na bila kuogopa sapu.

TUANZE NA MAANA

Muziki wa kielektroniki wa kuchezea unahesabiwa kwa mapigo manne manne. Nitaita kila mapigo manne mzunguko mmoja. Mizunguko inapangwa kwa nane, kumi na sita, thelathini na mbili. Wimbo ukiwa na mapigo 128 kwa dakika, mzunguko mmoja unachukua sekunde 1.875, na mizunguko 16 ni sekunde 30 kamili. Zile sekunde alizosimama rumeti wangu na tochi hazikuwa za bahati mbaya, zilikuwa zimehesabiwa.

Brekidauni ni pale vyombo vinapotolewa, hasa kiki na besi, wimbo ukabaki mwepesi. Bildapu ndiyo safari ya kurudi: vitu vinaongezwa polepole ili mwili ujue kwamba kuna jambo linakuja. Kuna mbinu chache ambazo ukishazijua utazisikia kila mahali. Ya kwanza ni snea, ile ngoma ndogo kali: inapigwa mara moja kwa kila pigo, halafu mara mbili, halafu nne, halafu nane, mpaka inakuwa kama mvua juu ya bati. Ya pili ni kelele inayopanda, kama redio isiyoshika stesheni, inazidi kuwa kali. Ya tatu ni filta, inayokata sauti za chini taratibu mpaka muziki unakuwa mwembamba. Halafu dakika inapotimia, kiki na besi vinarudi pamoja. Hapo ndipo panaitwa dropu.

Wazee wetu wa muziki wa dansi wangeelewa haraka. Bendi zilikuwa na sehemu ya kwanza ya kuimba taratibu, watu wanasikiliza ujumbe, halafu gitaa linabadilika na chemko linaanza. Wakongo wana sebene lao. Sisemi kwamba hivi vitu vimezaliana, historia zake ni tofauti kabisa. Nasema tu kwamba mtu aliyewahi kungoja chemko huku ameshika kiti hana haki ya kushangaa watu wanaongoja dropu.

DISKO (SIYO ILE YA SENETI)

Najua hapa chuoni neno disko likitajwa watu wanashika vifua. Tulieni, hakuna aliyedisko, nazungumzia muziki.

Tarehe 14 Februari 1970, New York, jamaa anaitwa David Mancuso alifanya sherehe nyumbani kwake, 647 Broadway. Nyumba yenyewe ilikuwa ghala la zamani, na sherehe zake zikaja kuitwa The Loft. Pombe haikuuzwa, unaingia kwa mwaliko. Waliokuja walikuwa mchanganyiko: Weusi, Walatino, Weupe, na wengi wao wapenzi wa jinsia moja ambao kwingine walikuwa wakifukuzwa au kukamatwa. Najua kuna wadau watakaotaka kufunga ukurasa hapa. Msifunge. Historia haiulizi kama tunapenda waliokuwepo, inauliza nani alikuwepo.

Kwenye sehemu kama hizo tatizo lilikuwa moja. Santuri za nyimbo moja moja, zile za inchi 7, zilibeba kama dakika tatu. Watu ndiyo kwanza wanapata joto, wimbo umekwisha. Ndipo anaingia Tom Moulton. Huyu alikuwa Mzungu, aliwahi kuwa mwanamitindo, na alianza kwa kutengeneza kanda ndefu za muziki kwa ajili ya baa moja kwenye kisiwa cha Fire Island karibu na New York. Mwaka 1974 akapewa wimbo wa Don Downing, "Dream World", aurefushe.

Sasa sikilizeni hapa, ndipo penyewe. Kama mwenyewe alivyosimulia, ule wimbo ulipanda ufunguo katikati, yaani sauti zote zilihama kwenda juu. Akitaka kuurefusha kwa kurudia sehemu ya mwanzo, inabidi ashuke ufunguo, na sikio lolote litagundua kwamba kuna kiraka. Afanyeje? Akatoa vyombo vyote vyenye sauti ya kuimbika, akaacha ngoma tu kwa muda. Ngoma hazina ufunguo. Sikio likasahau wimbo ulikuwa umefika wapi, halafu akarudisha vyombo pale alipotaka. Ilikuwa njia ya kuficha mshono. Lakini watu ukumbini waliposikia ngoma peke yake walipagawa, na mafundi wengine wakaanza kuifanya kwa makusudi.

Tatizo la pili, la nafasi kwenye santuri, nalo lilitatuliwa kwa ajali. Siku moja Moulton na fundi wa kukata santuri, José Rodriguez, waliishiwa sahani za inchi 7, wakatumia ya inchi 10. Moulton akaona mifereji imejibana katikati, sahani kubwa sehemu kubwa tupu, akaomba itandazwe. Mifereji ikitanuka, besi inapata nafasi na sauti inakuwa kubwa zaidi. Wakahamia inchi 12. Mwaka 1976 kampuni ya Salsoul ikatoa "Ten Percent" ya kundi la Double Exposure kwenye santuri ya inchi 12, na inatambulika kama ya kwanza ya aina hiyo kuuzwa madukani. Aliyeichanganya ni DJ, Walter Gibbons, ambaye aliunyoosha wimbo wa kama dakika tatu mpaka ukapita tisa. Bila zile dakika tisa hakuna mahali pa kuweka brekidauni. Huwezi kumnyima mtu kitu ndani ya dakika tatu halafu ukapata muda wa kumrudishia.

KUMBE NA WENGINE WALIKUWA WANAFANYA

Wakati huo huo kuna watu wengine wawili, kila mmoja kwa njia yake.

Kingston, Jamaika, fundi wa redio na umeme anaitwa Osbourne Ruddock, jina la kazi King Tubby, alikuwa anachukua wimbo uliokwisha rekodiwa na kutoa vipande vyake. Sauti ya mwimbaji inatoka, gitaa linachungulia mara moja na kupotea kwenye mwangwi, inabaki besi na ngoma. Muziki huo ukaitwa dabu. Mashine ya kuchanganyia sauti ikawa chombo cha muziki, na mtu aliyekaa nyuma yake akawa mwanamuziki.

Bronx, New York, tarehe 11 Agosti 1973, kijana aliyezaliwa Jamaika, DJ Kool Herc, alipiga muziki kwenye sherehe ya dada yake katika jengo la 1520 Sedgwick Avenue. Herc alikuwa ameona kwamba wachezaji wanangoja kile kipande kifupi ambacho vyombo vinatoka na ngoma inabaki. Akachukua nakala mbili za santuri moja, kipande kikiisha huku anakianzisha kule. Kutoka hapo ikazaliwa hip hop.

Ona tofauti yao. Tubby alipunguza vitu ili usikie nafasi tupu. Herc alichukua upungufu huo akaurudiarudia ili usiishe. Moulton aliutumia kama daraja la kukupeleka kwenye kitu kinachofuata. Brekidauni na bildapu tunazozijua leo ni watoto wa hilo daraja, ila damu ya wale wawili wengine imo.

CHICAGO: WALIPOCHOMA SANTURI

Mwaka 1977 kijana Mweusi wa Bronx, Frankie Knuckles, alihamia Chicago kupiga muziki kwenye klabu mpya iitwayo Warehouse, 206 South Jefferson Street. Rafiki yake wa tangu ujana, Larry Levan, alibaki New York na kuwa mfalme wa Paradise Garage.

Tarehe 12 Julai 1979, mtangazaji wa redio Steve Dahl aliandaa tukio kwenye uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, hapo hapo Chicago. Lete santuri ya disko, uingie kwa bei ya chini, tutazilipua katikati ya uwanja. Zikalipuliwa kweli. Maelfu wakavamia uwanja, nyasi zikaharibika, mechi ya pili ya usiku huo ikashindwa kuchezwa na timu ya nyumbani ikahesabiwa imepoteza. Kijana Mweusi aliyekuwa mhudumu wa uwanjani siku hiyo, Vince Lawrence, amesimulia mara nyingi kwamba alipoangalia zile santuri aliona hazikuwa za disko tu. Watu walileta za wasanii Weusi wa kila aina. Wengine wanasema ilikuwa utani wa redio tu. Mimi nilipoisoma habari hiyo sikucheka.

Baada ya hapo kampuni kubwa zilikimbia disko. Santuri mpya zikapungua, lakini watu wa Warehouse bado walitaka kucheza. Ikabidi Knuckles atengeneze muziki mpya kutokana na wa zamani: kwa kanda na wembe, pamoja na rafiki yake Erasmo Rivera, alikata nyimbo na kuziunga upya, akirefusha ngoma, akichelewesha sauti. Tena wanasimulia waliokuwepo kwamba wakati mwingine alizima taa zote za ukumbi na kupiga sauti ya treni inayokuja kasi, kana kwamba inapita katikati ya watu gizani. Nilimsomea rumeti hicho kipande. Alinyamaza kidogo, akasema: "Kwa hiyo yule DJ wa jana kaiga."

Muziki wa pale Warehouse ukapewa jina la kifupi, hausi. Mwaka 1984 Jesse Saunders akatoa "On and On", inayotajwa kama santuri ya kwanza ya hausi kuuzwa. Na mwenzake kwenye kuitengeneza alikuwa nani? Vince Lawrence, yule yule mhudumu wa Comiskey Park. Miaka mitano tu tangu zichomwe. Nilisimama kidogo niliposoma hapo, nikatoka nje kupunga upepo.

Vijana wa Chicago walitumia mashine za Roland ya Japani, zikiwamo zilizokosa soko. TB-303 ilitengenezwa iige gitaa la besi kwa ajili ya wanamuziki wanaofanya mazoezi peke yao. Haikufanana na gitaa hata kidogo, utengenezaji wake ukasimama 1984, zikauzwa mitumba bei ya chini. Kundi la Phuture likanunua moja, likazungusha vitufe vyake, na 1987 likatoa "Acid Tracks", zaidi ya dakika 10 za besi moja inayolia kama mbu aliyekasirika. Hakuna kwaya, hakuna beti. Kinachobadilika ni filta tu, inafunguka na kufunga. DJ Ron Hardy wa klabu ya Music Box aliipiga kabla haijatoka, na inasemekana mara ya kwanza ukumbi ulikimbia. Akairudia usiku huo huo mpaka mara ya nne, na kufikia hapo watu wakawa wamechanganyikiwa kwa furaha. Kwa hiyo bildapu siyo lazima iwe snea inayokimbia. Kitufe kimoja kikizungushwa kwa subira kinatosha.

UINGEREZA WANATUNGA SHERIA

Mwaka 1988 muziki huu uliingia Uingereza kwa kishindo, vijana wakacheza kwenye maghala na mashambani mpaka asubuhi. Serikali ikachoka. Sheria ya Haki ya Jinai na Utulivu wa Umma ya 1994, kifungu cha 63, ikawapa polisi uwezo wa kuvunja mikusanyiko ya usiku ya wazi ya watu kuanzia 100, na ili muziki huu usiponyoke ikabidi wanasheria waeleze kwamba muziki unajumuisha sauti ambazo sifa yake kuu ni mfululizo wa midundo inayojirudia. Wanafunzi wa sheria, mlishawahi kuona hilo? Bunge linajaribu kuelezea dundu dundu.

Kundi la Autechre likajibu mwaka huo huo kwa santuri ya "Anti EP". Wimbo mmoja humo, "Flutter", waliupanga midundo yake isijirudie kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine, na wakaweka maelezo kwamba huo unaweza kupigwa chini ya sheria mpya, ila DJ awe na wakili na mtaalamu wa muziki pembeni. Hehehe.

Huko Ujerumani na Italia mambo yalikwenda upande mwingine. Muziki wa transi uliinyosha brekidauni mpaka ikawa moyo wa wimbo: ngoma inatoka kabisa, kinanda kinaimba, dakika moja au zaidi, watu wamefumba macho. Sikilizeni "Children" ya Robert Miles, 1995. Mwitaliano huyu, jina lake halisi Roberto Concina, alieleza kwamba aliguswa na picha za watoto wa vita vya Yugoslavia, na pia alitaka wimbo wa mwisho wa usiku utakaowatuliza vijana kabla hawajashika usukani, kwa kuwa Italia ilikuwa inapoteza vijana wengi kwenye ajali za alfajiri baada ya disko. Yaani mbinu ile ile ya kutoa mdundo, iliyozoeleka kuwapandisha watu, yeye aliitumia kuwashusha wafike nyumbani salama. Miles alifariki 2017.

DROPU INAPOKUWA BIASHARA

Mpaka miaka ya 2010, dropu ikawa ndiyo wimbo wenyewe. Dabstepu ilianza mitaa ya kusini ya London, hasa Croydon, mwanzoni mwa miaka ya 2000, muziki wa giza na besi nzito. Mmarekani Skrillex akachukua moto huo, na "Scary Monsters and Nice Sprites" ya 2010 ikafanya dropu iwe kama mlipuko wa kiwanda cha vyuma. Februari 2013 dunia nzima ikaigiza "Harlem Shake" ya Baauer. Mnaikumbuka? Video ya kama nusu dakika: mtu mmoja anacheza, wengine hawajali, dropu, halafu wote wamerukwa na akili. Hiyo ni brekidauni na dropu na hakuna kitu kingine. Billboard walikuwa ndiyo kwanza wameanza kuhesabu video za YouTube, wimbo ukakaa namba moja.

Hapa ndipo nampa rumeti haki yake. Aliposema "nipeni swichi", alikuwa anasema kitu ambacho deadmau5, mtu wa ndani kabisa, alikiandika 2012: kwamba kwenye shoo kubwa wote wanabonyeza tu kitufe cha kupiga. Shoo zenye taa na fataki zilizopangwa kwa sekunde zinataka dropu ifike pale pale kila usiku, watu wawe wamechoka au hawajachoka. Ron Hardy aliirudia "Acid Tracks" kwa sababu aliangalia watu na akaamua kuendelea. Fataki haziangalii mtu.

KWA NINI MWILI UNAKUBALI?

Mwaka 2011 Valorie Salimpoor na wenzake wa Chuo Kikuu cha McGill, Canada, walipima ubongo wa watu wanaosikiliza muziki unaowasisimua. Dopamini, ile kemikali ya ubongo inayohusika na raha na hamu, iliongezeka kwenye eneo moja wakati mtu anangoja kile kipande anachokipenda, na kwenye eneo jingine kipande kilipofika. Hawakupima muziki wa klabu peke yake, lakini hoja inasimama: kungoja kwenyewe ni sehemu ya raha. Na Norway, Ragnhild Solberg na Alexander Refsum Jensenius walipima mienendo ya watu wanaocheza, wakaona kwenye brekidauni miili inapunguza kusogea na kwenye dropu inasogea zaidi. Tena ukumbuke kwamba haya ni mazoea: ili ungoje mdundo urudi ni lazima uwe umeshajifunza kwamba huwa unarudi. Rumeti wangu hakuwa mjinga. Amekulia mahali ambapo muziki ukizima na taa zikizima maana yake ni moja, nenda katafute mshumaa.

Na sisi tuna muziki wetu wa kielektroniki ambao kwa kiasi kikubwa umeikataa hii subira. Singeli, kutoka mitaa ya Dar es Salaam na sherehe za vigodoro, inakwenda mapigo 200 mpaka 300 kwa dakika. Studio ya Sisso pale Mburahati ilisikika nje ya nchi 2017, lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa "Sounds of Sisso". Piga hesabu: kwenye mapigo 240, ile mizunguko 16 ya sekunde 30 inakuwa sekunde 16. Kwenye singeli nyingi nilizosikia hakuna nusu dakika ya kinanda kinachoelea. DJ anakata mdundo kidogo, MC anatupa neno, mdundo umesharudi kabla hujawasha tochi. Wao wanaanzia pale ambapo wengine wanangoja kufika.

Basi mchana huu nimemwambia rumeti yote haya, tukiwa kwenye foleni ya wali maharage. Nikamwambia siyo muziki wa Wazungu, au siyo wao peke yao: ni wa fundi umeme wa Kingston, wa Kool Herc, wa Knuckles na wembe wake, wa mhudumu wa uwanjani aliyeona santuri za watu wake zinachomwa akaenda kutengeneza nyingine. Mzungu aliyemo mwanzoni kabisa alikuwa anaficha mshono. Frankie Knuckles alifariki 2014, na mtaa uliokuwa na Warehouse ulishapewa jina lake tangu 2004, mji ule ule uliolipua santuri.

Akatafuna, akafikiri. Akasema: "Sawa. Ila jana wangetangaza kabla." Halafu akaniomba nimtumie "Children". Saa hizi ninavyoandika yuko kitandani na spika za masikioni, amefumba macho, mguu unagonga ukuta. Imefika ile sehemu ngoma inapotoka, na mguu umesimama. Hajaigusa tochi.

Ngoja niishie hapa, nina pindi la saa moja asubuhi na sijasoma hata ukurasa mmoja. Na yule mwalimu wa "mada yenye mashiko", kama kwa bahati unasoma hapa, shikamoo. Karatasi ya reli nilipata C.

Tuko pamoja.